Mzee aliyenikazia dupleksa, Mungu anakuona

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina sitaji, mnamjua. Yule akishika PTT (kitufe cha kuongelea redioni) hata kuku wa jirani wanasinzia.

Ripita yetu ya redio ya ridhaa, ule mtambo wa DMR (sauti ya dijitali) unaopokea sauti zetu na kuzirusha tena mbali kutoka kule mlimani, ilikuwa inapiga kazi safi. Jumamosi tatu nimelala na popo kibandani nikiitegeshea dupleksa. Kwa wageni wa jukwaa: antena ni moja, inatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Yale makopo sita ndiyo yanayozuia wati 25 za kutuma zisizibe masikio ya kipokezi. Kila kopo lina skrubu, ukiizungusha robo tu umeharibu. Nilizipaka hadi rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili mtu akigusa nijue.

Jana jioni, hewani, watu wote wapo: "Kijana, nati zako zilikuwa zimelegea. Nimekukazia."

NIMEKUKAZIA.

Kwa bisibisi ya cherehani! Zote sita, mpaka mwisho! Na kumjibu siwezi, maana ripita imeshakuwa kiziwi, inamsikia yeye tu aliyesimama mlangoni pa kibanda. Nabonyeza PTT, redio inanililia piii, imekataliwa. Nabonyeza tena, piii. Akatokea mgeni wa Kenya kupitia intaneti, heshima zake zote: "Asante sana mzee kwa kazi nzuri."

Kazi nzuri! Nimekukazia! Usiku mzima nimelisikia hilo neno kwenye mto.

Popo Mpole: Chai imenitoka puani 😂😂 "nati zako zimelegea" mbele ya Wakenya

Koaksi Kuukuu: Pole mkuu. Ila kibanda hakina kufuli?

Mleta uzi: Kinalo. Ufunguo anao yeye, si ndiye mweka hazina!

Koaksi Kuukuu: Aaah kumbe mweka hazina. Basi atueleze na hela ya betri. Tumechanga tangu Ramadhani, ripita inazima saa tatu usiku kama duka la Mangi.

Dada Antena: Mimi nimeishia kwenye rangi ya kucha. Shemeji anajua?

Mleta uzi: Hajui. Msimwambie.

FM Milele: Dijitali ni laana. Zamani sauti ya mtu ilikuwa ya mtu, siyo roboti aliyemeza nyuki. Halafu zile nati zilikuwa zimelegea kweli.

Popo Mpole: Mzee, ni wewe??

Sloti ya Pili: Nyie mna dupleksa bado mnalia. Hotispoti yangu, kile kiripita cha nyumbani cha intaneti, umeme ukikatika tu, kadi ya SD imekufa. Hii ya nne. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ndani yake, imenifanya niwe mteja wa kudumu wa kadi.

Koaksi Kuukuu: Zima vizuri kabla ya kuchomoa.

Sloti ya Pili: Umeme unakatika, nani anachomoa? Unasoma au unapita tu?

Dada Antena: Na anayeiacha TG 91, lile kundi la maongezi la dunia nzima, imening'inia kwenye ripita jioni nzima naye ajitokeze. Jana nimelala na Wamarekani wanaelezana theluji. Nimeamka najua hali ya hewa ya Ohio, ya Tanga sijui.

Popo Mpole: 😂😂 Ohio kulikuwaje?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Kesho napanda tena, bodaboda anataka elfu ishirini, na NanoVNA, kile kipimo cha kutegeshea dupleksa, simwoni aliyeiazima. Mtu kaniambia NIMEKUKAZIA!

Sloti ya Pili: NanoVNA mara ya mwisho niliiona kwa mweka hazina.

Mgeni 2: Samahani wakuu, nje ya mada, kuna mwenye chaja ya Baofeng (redio ya mkononi) asiyoitumia?

FM Milele: Ninayo. Ya UV-5R au ile ndogo?

Mgeni 2: UV-5R mzee wangu.

FM Milele: Njoo PM. Ila waya ulikuwa umelegea, nimeukaza.