Manila: UST, Ateneo au La Salle? Naombeni ulinganisho

mama_kibo: Wakuu habari za leo. Tunahamia Manila kikazi mwezi wa sita, binti kamaliza form six anataka unesi, mdogo wake wa kiume yuko la nne. Baba yao anataka wote waendelee na shule za Kikatoliki. Tunatajiwa UST (University of Santo Tomas), Ateneo na De La Salle. Wenyeji wa kule, tofauti iko wapi?

mchikichi: Dada kwa unesi anza na UST usizunguke. Ni ya Wadominikani, imeanza 1611, na ndo chuo kikuu kikongwe Asia kinachofundisha mpaka leo. Hospitali yao iko humo humo chuoni, mtaa wa Sampaloc. Shida mvua. Zikikolea, barabara ya España inajaa maji, jipini (daladala za kule) hazipiti, utaona watoto wa chuo na yunifomu nyeupe viatu mkononi wanavuka taratibu wakipapasa njia kwa miguu. Dhoruba ya Ondoy, Septemba 2009, wengi walilala chuoni.

bati_jekundu: Kwa huyo mdogo ni Ateneo. Wajesuiti hao, tangu 1859, Rizal shujaa wa Ufilipino alimaliza pale 1877. Loyola Heights ni eneo kubwa lenye miti, shule ya msingi mpaka chuo ndani ya uzio mmoja. Ila sifa yao haiko kwenye unesi. Na chuoni kila mtu anasoma falsafa na theolojia, hata wa biashara, jambo ambalo mimi nalipenda sana kwa sababu kijana anatoka pale anajua kujenga hoja sio kukariri tu.

injinia_wa_taft: La Salle ni ya Mabruda, 1911, Taft Avenue. Kiwanja kidogo so majengo yamepanda juu, na mwaka una mihula mitatu, yaani masomo mbio mbio na ada inakuja mara tatu, jipangeni. Uhandisi na biashara wako vizuri, kozi za afya ziko Dasmariñas, Cavite, mbali kabisa. Mkifika Manila pitieni lile kanisa lao. Februari 1945 askari wa Kijapani waliua humo mabruda 16 na familia zilizokuwa zimejihifadhi nao.

mama_kibo: Mungu awarehemu. Sasa mmoja Sampaloc mwingine Loyola Heights, foleni za Manila nazisikia, tutaweza kweli?

mchikichi: Mnaweza, treni ya LRT-2 inagusa pande zote. Pangeni nyumba karibu na stesheni ya Katipunan, mdogo anakuwa jirani na shule, dada yake anapanda treni anashuka Legarda anamalizia na jipini. Msipange Sampaloc kisa tu chuo kiko karibu, mtaamka maji yako sebuleni.

bati_jekundu: Naunga mkono Katipunan. Kodi iko juu lakini.

mama_kibo: Asanteni sana, nikae na baba yao tupige hesabu ya kodi kwanza.