Naomba ushauri: mwasumini umejaa majani, matumba yanadondoka

Habari za leo ndugu zangu wa bustani, na wakubwa shikamooni.

Nina mwasumini hapa Tanga, nilioupanda kwa kijiti nilichokatiwa na shangazi miaka 3 iliyopita. Uko ardhini, udongo wa kichanga, unapata jua asubuhi mpaka kama saa 6, kisha kivuli cha nyumba. Mwaka jana tulichuma asumini za kikuba (kishada cha maua cha kujipambia) na za kutandaza kitandani, tukawagawia na majirani. Tangu masika yaishe umeshiba majani, kijani kweli kweli, lakini maua ya kuhesabu. Hata matumba machache yanayotoka yanageuka zambarau kabla hayajafunguka, halafu yanadondoka. Nikilipasua tumba naona kama vifunza vidogo mno, vyeupe, ingawa macho yangu nayo si ya kuaminiwa sana.

Kila mwezi naweka samadi ya kuku (jirani anafuga, ananipa bure, nami sijui kukataa). Maji kila jioni. Nimenyunyizia maji ya mwarobaini na sabuni mara 2, sijaona tofauti. Yaliyodondoka nimeyaacha pale pale chini. Kupogoa sijawahi, naogopa kuuua.

Je, hiyo samadi ndiyo inayoleta majani bila maua, au nikiupogoa sasa kabla ya vuli utachanua? Nikate kiasi gani? Na hivyo vifunza nivitibu kwa kitu gani, ikizingatiwa maua yenyewe tunayavaa kichwani?

Natanguliza shukrani.