Nafungua ofisi ya kushona mwezi ujao, sitaki kuwa fundi wa "njoo kesho"

fundi_mbagala:
Wakuu habarini za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nimesoma VETA (chuo cha ufundi) alafu nikakaa miaka kadhaa kwa fundi mmoja huku Mbagala, mwezi ujao panapo majaliwa nafungua ofisi yangu mwenyewe. Fremu nimeshalipia, cherehani ninayo ya kukanyaga, ovaloki (ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanuke) sina, nguo nitakua napeleka kwa jirani. Kushona sina wasiwasi nako, kinachoninyima usingizi ni tabia. Kule nilikotoka nimeona watu wanalia kabisa, mtu anakuja Ijumaa jioni na harusi ni kesho anakuta kitambaa hakijakatwa hata, na bosi ni fundi mzuri kwelikweli mkono wake mtaa mzima hamna, ila kila anaeingia anaambiwa njoo kesho. Naogopa nisije nikaendeleza hayohayo maana ndo nilichokua nakiona kila siku. Nyie wenye ofisi zenu na wateja wanawaamini mnafanyaje? Ni nidhamu ya kuamka mapema tu au kuna kingine?

kijana_wa_temeke:
Amka saa kumi na moja, zima data, kaa kwenye cherehani. Mafundi wengi wanapoteza asubuhi nzima kwenye stori. Hongera kwa hatua mkuu.

mama_wawili:
Kuamka mapema ni kuzuri sikatai, ila mdogo wangu huyo bosi wako sidhani kama alikua mvivu. Hao mafundi wa njoo kesho wengi wanakesha kazini. Shida iko kwenye advansi. Mteja analeta kitambaa anatoa nusu, jioni ile nusu imeshakua unga na kodi, asubuhi huna hela inabidi upokee kitambaa kingine ili upate advansi nyingine, sasa yule wa kwanza hata ukimaliza gauni lake kabakiza nusu tu na hujui atakuja kulichukua lini, huyu mpya ana hela mkononi sasa hivi. Basi unajikuta unapokea kuliko unavyoshona. Vitambaa vinajaa kwenye rafu, kila kimoja kina ahadi yake na hela zake zimeshaliwa, hapo hata uamke saa nane usiku hutoki.

Kwahiyo mimi nakushauri tabia ya kwanza iwe hapo kwenye kupokea. Jua kasi yako. Kama kwa wiki mikono yako inatoa magauni nane ya kitenge basi pokea sita, maana zipu itaharibika, mtoto ataumwa, umeme wa pasi utakatika. Daftari langu mimi limepangwa kwa siku sio kwa majina, kila siku ina mistari yake na ikijaa imejaa, mteja namgeuzia daftari aone mwenyewe alafu namwambia nafasi iliyopo ni Jumatano ijayo, anataka au hataki. Kukataa hela kunauma jamani, hasa Ramadhani inavyoelekea Idi, na Desemba ndo usiseme. Ila yule niliyemwambia ukweli mwaka huu, mwakani analeta kitambaa mapema kabla sijajaa.

Alafu hela ya advansi iweke laini nyingine usiiguse mpaka ukate kitambaa. Na ukate mapema hata kama siku ya kukabidhi iko mbali, kwasababu ukikata ndo unagundua kitambaa hakitoshi au kina doa, na mteja bado ana muda wa kwenda Kariakoo kuongezea.

kamati_ya_harusi:
Mimi sio fundi, ni yule mteja mnaemzungumzia, kila mwaka niko kwenye kamati za harusi kanisani kwetu na sare lazima zishonwe. Naomba mtuelewe sisi, kuchelewa tunaweza kuvumilia, tunachoumia ni kujua siku ya mwisho. Kipindi kile cha mgao wa umeme mwishoni mwa 2023 fundi wangu alinipigia Jumatatu akasema dada, sare za Alhamisi hazitawahi, nina tano tu zitakua tayari, nyingine Jumamosi asubuhi nakuletea mwenyewe na boda. Nilikasirika sana kwenye simu ila nilipata muda wa kupanga, na Jumamosi saa mbili kweli kaja. Mpaka leo sare zote napeleka pale. Mpigie mteja kabla yeye hajakupigia.

yunifomu_eldoret:
Salamu kutoka Eldoret. Mimi nashona yunifomu za shule, Januari huwa ni vita, kila mzazi anataka sweta na sketi kabla shule zifunguliwe. Hapa karibu na sisi ni Kaptagat, kwenye kambi ya Kipchoge, yule mkimbiaji wa marathoni, na kuna kitu nimechukua kutoka kwake. Watu wanakumbuka alivyomaliza marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, lakini huyo mtu huandika kila zoezi kwenye daftari, na amesema wazi kwamba mazoezini hajisukumi mpaka nguvu iishe, anabakisha. Oktoba 2020 kule London alimaliza nambari nane, mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo. Kwa hivyo hata mimi usiku sikati kitambaa. Usiku naweza kushona vifungo ama kupinda, kukata ni asubuhi nikiwa na akili mpya, kwa sababu mkasi ukikosea hakuna kurudi na hiyo kitambaa utalipa wewe.

fundi_mbagala:
Nashukuru sana, hilo la advansi sikuwahi kulifikiria ila kweli ndo ilivyokua. Swali moja la mwisho, ndugu na majirani mnawafanyaje? Shangazi akija Alhamisi na kitenge anataka Jumamosi, shangazi huwezi kumgeuzia daftari.

mama_wawili:
Shangazi anaandikwa kama wengine mwanangu. Ila kila wiki acha mstari mmoja mtupu kwa ajili ya msiba, ndugu na dharura, usimpe mtu mpaka Alhamisi ifike. Shangazi akija unao, akija na wa pili unamwambia shangazi nafasi ya haraka imeshachukuliwa, yako naiweka wiki ijayo siku ya kwanza. Mstari usipochukuliwa unasogeza kazi ya mbele. Na usimshonee bure, apunguziwe lakini atoe chochote, uzi unanunuliwa.

Kingine, umesema ovaloki ni ya jirani. Nenda mkaongee kabla hujafungua, mpange siku na saa za kupeleka na bei kwa nguo moja, maana daftari lako litakua safi alafu nguo zote zimelala kwake zinasubiri zamu.