Nguzo ya kona imechimbiwa sentimita 45, halafu lawama anabebeshwa ng'ombe

Ndugu wafugaji,

Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba radhi mapema iwapo maneno yangu yatakuwa makali. Uzio wa nyuzi tano ambao niliulipia wote kabla kazi haijakamilika (hilo ni kosa langu, nalikiri) umelegea kiasi kwamba ndama anapita katikati ya nyuzi bila shida, na hata mwaka haujatimia. Nilipomwita fundi aliyeujenga, aliutazama kwa dakika chache, akaniambia kwamba ng'ombe wangu wana tabia ya kusukuma. Uzio wa mifugo hujengwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ng'ombe anayesukuma?

Alipoondoka, nilifukua mwenyewe nguzo moja ya kona iliyokuwa imeinama. Makubaliano yetu, ambayo ninayo kwa maandishi, yalitaja mita 1 ya kina. Niliyoikuta ni sentimita 45. Waya wa chuma kigumu wa milimita 2.5 hukazwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100 kwa kila uzi, kwa hiyo nyuzi tano huivuta nguzo ya kona kwa takribani nusu tani, tena kutoka pande mbili, usiku na mchana, hata kama hakuna mnyama aliyeugusa uzio. Nguzo za katikati kazi yake kubwa ni kuziweka nyuzi katika nafasi zake. Mzigo wa mvuto uko kwenye kona. Ndiyo maana kila upande wa kona huwekewa nguzo ya pili, boriti ya kulala kati ya hizo mbili, na waya wa mshazari unaotoka juu ya nguzo ya pili kwenda chini ya nguzo ya kona. Mimi nimewekewa nguzo moja tupu, pamoja na kijiti kilichoegemezwa kama cha kubebea mgomba.

Si hilo tu. Waya umepigiliwa upande wa nje wa nguzo, kwa hiyo kila ng'ombe anapoegemea, anaing'oa misumari badala ya kuubana waya kwenye mti. Isitoshe, misumari yenyewe imegongwa hadi mwisho, ikauminya waya na kuubandua zinki, na sasa kutu imeanza pale pale, wakati inatakiwa kuachwa nafasi ndogo ili waya uweze kuteleza unapokazwa upya.

Fundi amenipendekezea "marekebisho": arudi azikaze nyuzi, nami nimlipe tena. Nimekataa, kwa sababu kukaza waya juu ya nguzo isiyo na mizizi ni kuimalizia kuing'oa. Ninachodai ni kona zote nne zifukuliwe na kujengwa kama tulivyoandikiana, na waya uhamishiwe upande wa ndani, bila malipo mengine.

Kama yupo kati yenu aliyewahi kumrudisha fundi kazini kwa gharama ya fundi mwenyewe, ninaomba anieleze alitumia njia gani, na kama aliondoa nguzo za zamani kabla au baada ya kumwonyesha vipimo. Yangu moja bado iko nje ya shimo, na sijaigusa.