Naomba ushauri: mama na aspirini ya kila siku

Ndugu wanajamvi, mama yangu ana miaka 74, hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, ila kila asubuhi baada ya chai humeza aspirini ndogo kwa kuwa jirani alimwambia inalainisha damu. Nimesoma kuhusu utafiti wa ASPREE wa mwaka 2018, uliofuatilia wazee 19,114 wenye afya nchini Australia na Marekani na kuonyesha kwamba miligramu 100 kwa siku hazikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, bali ziliongeza hatari ya kuvuja damu nyingi. Juzi nimeona mkono wake umevilia damu mahali pawili. Je, nimwambie daktari apime nini kabla hajaacha? Mama mwenyewe ni mbishi, utafiti haumtishi.