Beit-al-Ajaib: irudi makumbusho au iwe hoteli?

Mwana wa Shangani: Jumba hili la Mji Mkongwe, Zanzibar, lina desturi ya kubadilishwa kazi. Sultani Barghash alilijenga 1883 kwa sherehe, mizinga ya manowari za Waingereza ya 1896 ikaliharibu kidogo tu, mnara wa saa ukaongezwa baadaye, Waingereza wakaweka ofisi zao, kisha likawa makumbusho. Hoteli inaharamishwa na nini? Jengo lisiloingiza pesa halitunzwi. Upande wa mbele ulipoanguka 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, haikuwa hoteli.

Fundi Chokaa: Shekhe, tatizo ni maji. Kwa uzito peke yake hoteli inashinda: sakafu ya vyumba vya kulala hupigiwa hesabu ya kilo 200 hivi kwa mita ya mraba, ukumbi wa makumbusho 400 hadi 500. Lakini kila chumba kitataka choo, bafu na kiyoyozi kinachodondosha maji. Sakafu za mle ni zege juu ya mihimili ya chuma. Kiungo cha bomba kikivuja nyuma ya vigae, huoni kitu. Chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kwa chini, maji yanapata njia pana zaidi.

Bi Malindi: Kwani makumbusho hayakuvuja? 2012 kipande kiliporomoka bila bafu hata moja la mtalii.

Fundi Chokaa: Kweli, bibi, paa na mifereji yake ndiyo ya kwanza kukaguliwa, tena kabla ya masika. La pili ni lipu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukiupiga saruji, unyevu wenye chumvi unakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na chokaa ya ndani inageuka unga. Kwa nje unauona mzima! Lipu iwe ya chokaa iliyozimwa na kulazwa majini wiki kadhaa, ipakwe tabaka nyembamba, ifunikwe magunia yenye maji isikauke kwa pupa.

Mwana wa Shangani: Na fedha za kazi yote hiyo?

Bi Malindi: Mkahawa barazani na kumbi za kukodi jioni, juu ibaki makumbusho, na mtepe, ile jahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, urudi ukumbi wa chini. Mnaotaka hoteli, Mji Mkongwe umejaa.

Fundi Chokaa: Naunga mkono, ila jiko na vyoo vyote vijengwe nyuma, nje ya kuta za zamani.

Mwana wa Shangani: Nyuma wapi? Nionyesheni kwanza hicho kiwanja.