Kukausha matunda yenye viungo nyumbani: chanja, sanduku la sola au mashine ya umeme?

Mpishi wa Nyegezi: Ndugu wanajukwaa, ninakusudia kukausha maembe na mananasi yenye viungo kwa matumizi ya nyumbani. Naomba mnilinganishie chanja ya wazi, sanduku la sola na mashine ya umeme kwa kuzingatia hewa yetu ya ziwani hapa Mwanza, kwa kuwa maelekezo mengi ninayoyasoma yanawahusu watu wa sehemu zenye hewa kavu zaidi.

Mkazi wa Bwiru: Chanja ni nafuu kuliko zote, ila usiipime kwa jinsi inavyokausha dagaa wa Kirumba. Dagaa ni mwembamba na hana sukari. Kipande cha embe huchukua siku kadhaa, hunata, huvuta nzi, na kikiachwa nje usiku hunyonya unyevu upya. Isitoshe, maembe hujaa sokoni wakati wa mvua za vuli, jua linapokuwa la kubahatisha. Kati ya Juni na Agosti ningeitumia chanja bila wasiwasi, lakini kwa ndizi mbivu au nanasi.

Fundi wa Igoma: Mimi ningechagua sanduku la sola: la mbao, lenye kioo juu na rangi nyeusi ndani, na matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili. Wengi huyaziba matundu hayo wakidhani wanahifadhi joto, kumbe mvuke ukikosa pa kutokea embe hupikika badala ya kukauka. Matundu yafunikwe kwa wavu, na tafadhali usiwe wa chandarua kilichotiwa dawa.

Bi. Pasiansi: Ndugu Fundi, sanduku lako ni zuri, lakini mawingu yakitanda siku mbili mfululizo embe huota ukungu humo humo. Mashine yenye nyuzi joto 57 hadi 60 humaliza kazi kwa saa 8 hadi 12, mvua inyeshe isinyeshe. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa 10 mfululizo hula uniti 5, na kilo moja ya nyama ya embe hutoa takriban gramu 200 tu, hivyo kuiwasha kwa trei moja ni hasara.

Kuhusu viungo, ambavyo ndivyo vinavyonipendeza zaidi, kata vipande vya milimita 5 hadi 6, vichovye kwenye maji ya ndimu kwa dakika 10 visibadilike rangi, kisha vipanguse. Chumvi, pilipili ya kusaga na tangawizi ya unga zinyunyizwe uso ukiwa bado unanata, kwa sababu kipande kikavu hakishiki kitu. Iliki iongezwe karibu na mwisho, kwani joto la muda mrefu huipotezea harufu. Ukipenda ukali wa achari za pwani, ongeza pilipili, lakini watoto wapimie kidogo.

Mpishi wa Nyegezi: Nashukuru sana. Je, nikianza na sanduku kisha nikamalizia kwa mashine?

Fundi wa Igoma: Ndiyo, kwa msimu wa maembe fanya hivyo; nakubaliana na Bi. Pasiansi kiasi hicho. Vipande vikishapoa, viweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kwa wiki moja huku ukiitikisa kila siku; ukiona jasho ndani ya kioo, virudishe vikauke tena.

Mkazi wa Bwiru: Na maembe yenye nyuzi nyingi waachie wanaokamua juisi.